Mkalimani wa Kengele ya Ghala

Nilistaafu Ijumaa iliyopita wakati wa mapumziko, kati ya kipindi cha Jiografia na cha Kemia. Hakukuwa na sherehe. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala godoro. Nilimkabidhi mdogo wangu Shija ufunguo wa chumba cha kompyuta cha jineri ya pamba, naye akauliza kama unafungua na stoo ya soda. Nikajua kazi imepata mrithi anayestahili.

Nina miaka kumi na nane. Wengine hapa Bariadi hustaafu migongo ikiwa imepinda. Mimi nastaafu kwa sababu mtihani wa kidato cha nne umekaribia na mama ameapa kwamba nikifeli atanipeleka Meatu nikachunge ng'ombe wa mjomba, na ng'ombe wa mjomba hawanipendi. Vyeo sikupanda hata kimoja. Mshahara, kaulizeni ukuta. Ninayoyaandika hapa ni ya kazi yenyewe, kwa ajili yako Shija, na yako Kabula unayekaa naye dawati moja, kwa kuwa ninyi ndio mtakaokalia kile kiti kinachochana suruali. Someni mpaka mwisho. Mwanzoni mtacheka kidogo. Baadaye kuna mtu anakufa, na sina namna ya kulipamba hilo.

Kazi niliipata kwa utundu. Nikiwa kidato cha pili niligonga kengele ya shule, ile rimu ya lori, kabla ya muda wake, na shule nzima ikaenda nyumbani, walimu wakiwemo. Mwalimu wa zamu alikuwa wa kwanza kupanda baiskeli. Likizo ilipofika, mama akanishika mkono mpaka kwa jirani yetu, Mzee Maduhu, aliyekuwa mwendesha kompyuta wa jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba.

"Mwangaluka, baba," mama alimwamkia. "Huyu anapenda kengele. Mpe kazi mpaka azichukie."

Mzee Maduhu alinitazama kuanzia miguuni. Alikuwa mrefu, mkimya, na shati lake lilifungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwaka vipi. "Kengele ya rimu haina akili," alisema. "Njoo nikuoneshe yenye akili."

Alinipeleka ghalani. Kama hamjawahi kuingia ghala la pamba likiwa limejaa, fikirieni kilima cheupe kilichowekewa paa. Pamba mbichi, yenye mbegu zake ndani, ikirundikwa ikiwa na unyevu huanza kupata joto yenyewe, taratibu, katikati, mahali ambapo jicho halifiki. Nje unaona pamba safi kabisa. Ndani inaiva. Isipofumuliwa ikapoa, inaungua. Ndiyo maana zamani za chama cha ushirika waliweka waya ndefu zilizochomekwa ndani ya lundo, zenye vipima joto kwenye ncha, zikaletwa mpaka kwenye kompyuta ofisini. Joto likizidi, kompyuta inapiga kengele iliyofungwa juu ya mlango wa ghala. Sheria ilikuwa fupi: kengele ikilia, watu wote nje, milango ifunguliwe. Kengele ikinyamaza, lundo limepoa, ingieni mkaligeuze.

Ikinyamaza, ingieni. Ikumbukeni sheria hiyo.

Mlinzi wa lundo alikuwa Ng'wandu. Yeye ndiye aliyeingia wa kwanza kila mara, na uma wake mkubwa wa kugeuzia pamba. Kabla ya kengele kuja alikuwa akizamisha mkono mpaka begani na kusikiliza joto kwa kidole. Kengele ilipokuja aliacha. "Sasa nina mkono wa umeme," alisema, "wa kwangu nimeurudisha kwa mke wangu." Mimi aliniita Profesa, kwa dharau yenye upendo, na kila asubuhi alinigawia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya mfukoni iliyokuwa na ladha ya viazi, tumbaku na funguo.

"Profesa, leo mashine yako inasemaje?"

"Inasema uoge, baba."

"Iambie nitaoga Krismasi."

Sasa, utaalamu. Programu ya kengele iliandikwa kwa lugha ndogo iliyokuja na zile waya, nasi tuliiita Lugha ya Waya. Mashine yenyewe haijui lugha hiyo. Katikati kuna programu nyingine inayosoma sentensi za Lugha ya Waya na kuiambia mashine la kufanya. Mzee Maduhu aliiita mkalimani, na mfano wake ulikuwa wa kanisani. Padri akihubiri Kiswahili kule vijijini, katekista husimama kando na kukigeuza Kisukuma. Padri akihamishiwa parokia nyingine, mahubiri ni yaleyale, lakini katekista lazima apatikane anayejua watu wa huko, kwa sababu neno alilosema huku likaitikiwa amina, kule wanaweza kulichekea.

"Sisi ni wafundishaji wa katekista," alisema Mzee Maduhu. "Padri hatumgusi."

Mwaka wangu wa kwanza hatukuhamisha kitu. Nilifagia, nilichapa barua, nilipanguza vumbi la pamba kwenye feni ya mashine, nikaficha mchezo wa nyoka mahali ambapo Mzee Maduhu hakuwahi kuuona, au aliuona akanyamaza. Kisha soko huria likatufikia. Ushirika ukazidiwa, jineri ikapata mwenye mali mpya ambaye sote tulimwita Bosi, na wazee wengi wakapunguzwa. Mzee Maduhu alipunguzwa Jumatatu na kuitwa tena Jumatano kama kibarua, kwa sababu Jumanne mashine iligoma na hakuna mwingine aliyejua iamkie upande gani.

Mashine ile ilikuwa inakufa kweli. Diski yake ilikohoa. Bosi alikwenda akarudi na kompyuta za mitumba, zimefungwa kwa blanketi nyuma ya pikapu, na akatangaza: "Hizi zote ni Unix, kama ile ya zamani. Mnahamisha tu."

Shija, Kabula: mtu akiwaambia "mnahamisha tu", mwombeni akae kwenye kiti kinachochana suruali.

Unix ni mfumo wa kuendesha kompyuta, na si moja. Ni kama kusema huyu Msukuma na yule Msukuma. Mmoja wa Bariadi, mmoja wa huko Geita, wanasikilizana kwenye salamu, halafu mmoja akitaja jina la mboga mwingine anashika fimbo. Mashine ya kwanza haikuwa na kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mkalimani kuwa kitu ambacho mashine inakitafuna. Aliyeiuza alibaki nayo. Tukaiweka pembeni, sasa inashikilia mlango. Ya pili ilikuwa na kompaila lakini ilikata majina ya faili yakiwa marefu, hivyo faili zetu mbili zikawa na jina moja na moja ikaifuta nyingine. Siku hiyo ndiyo niliyomsikia Mzee Maduhu akitukana. Alisema "ala." Nilitetemeka.

Tukahamia ya tatu, ile mnayoirithi. Hiyo ilikubali majina marefu, lakini ilikuwa na tabia yake kuhusu kushtuliwa. Mkalimani wetu huomba mashine imshtue kila baada ya muda mfupi akasome waya. Kwenye mashine ya zamani, ukiomba mara moja unashtuliwa milele. Hii mpya ilimshtua mara moja kwa adabu. Mara ya pili ikamuua. Kila tulipoiwasha, joto lilisomwa mara moja, kisha kimya. Tulihangaika wiki nzima, mpaka Mzee Maduhu akasoma kitabu cha mashine kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akakuta kwamba hii inataka uombe upya kila unaposhtuliwa.

"Kama kuamsha wanafunzi wa bweni," nilimwambia.

"Kama kukuamsha wewe," akajibu. Ule ndio ulikuwa utani wake wa mwaka.

Kisha kulikuwa na namba kubwa. Mashine hugawa namba kubwa vipande na kuvipanga kwenye foleni. Ya zamani ilitanguliza kipande kikubwa, kama mchungaji anayetanguliza dume kuingia zizini. Hii inatanguliza ndama. Tukisoma saa na tarehe, tulikuwa tumerudi nyuma mpaka Mzee Maduhu alikuwa hajazaliwa. Hilo tulilirekebisha kwa siku chache, na tulijisikia kama tumevuka mto Simiyu kwa mguu wakati wa masika.

Likabaki jaribio. Kipima joto lazima uthibitishe kwamba kinapiga kengele. Mzee Maduhu alichukua ncha ya waya, akaitumbukiza kwenye chai yetu ya saa nne, na kengele ikalia mpaka kuku wa jirani wakaruka. Ng'wandu alipiga makofi. "Profesa, umemleta katekista mzuri." Tukainywa ile chai, yenye ladha ya shaba.

Chai ya jineri, kwa wasioijua, inatoka nyumbani kwa mpishi kwa chupa isiyoshika joto, juu ya baiskeli. Inafika ikiwa ya uvuguvugu, inayokuruhusu kunywa bila kupuliza. Hatukuwahi kulalamika. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba ubovu wa chai ni jambo la kiufundi.

Msimu ulifunguliwa. Zamani, mnunuzi wa ushirika alikuwa akiingiza mkono kwenye gunia lako. Likiwa na unyevu, unarudi nalo nyumbani na aibu. Sasa wanunuzi walikuwa wengi, wanafukuzana barabarani kutoka Dutwa hadi hapa, kila mmoja anaogopa mwenzake atachukua mzigo. Wakachukua vyovyote. Watu nao si wajinga: pamba yenye maji ina uzito. Ndoo ya maji hapa, sufuria kule, na mchanga kidogo kwa anayejituma. Msimu ule pamba ya wilaya ilinyweshwa vizuri kuliko ng'ombe wa Meatu. Bosi alijua, Bosi alinunua, Bosi alisema jua litaikausha. Akairundika ghalani, mahali ambapo jua halifiki.

Kengele ililia mchana, baada ya chakula. Nilikuwa njiani kutoka shule, na niliisikia kuanzia kwenye kona ya kanisa. Nilipofika, vibarua walikuwa nje kama sheria inavyosema, milango imefunguliwa, wanawake wa kuchagua pamba wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakipiga soga kwa sauti ya juu ili waishinde kengele. Ng'wandu alikuwa amesimama mlangoni na uma wake.

"Profesa! Mashine yako leo ina mdomo."

"Inakuita ukaoge."

Alicheka. Tukakaa. Kengele iliendelea kulia, kisha ikanyamaza.

Sijui niandikeje jinsi ukimya ule ulivyokuwa mtamu. Watu walinyoosha miguu. Mmoja akasema, "Afadhali." Msimamizi akapiga kofi moja: limepoa, twendeni. Ng'wandu alinirushia kipande cha michembe, akaingia wa kwanza kama kawaida yake, na nilimsikia akichoma uma kwenye lundo, akilifumua.

Ule haukuwa mlipuko. Ulikuwa mshusho, kama mtu mkubwa sana anayeshusha pumzi. Ndani ya lundo palikuwa pamekuwa jivu na kaa, na alipolifungulia hewa, kilima kikamwangukia na kikawaka kwa mara moja, kuanzia ndani. Waliokuwa nyuma yake walitoka na nywele zimeungua. Yeye hakutoka. Tulibeba ndoo za maji kutoka kisimani mpaka paa likaanguka, na baada ya hapo tulikuwa tunamwagia tu kwa sababu hatukujua mikono tuiweke wapi.

Kile kipande cha michembe nilikikuta mfukoni jioni. Sikukila, sikukitupa.

Ofisi ilikuwa jengo la peke yake, na haikuungua. Ndani yake alikuwa Mzee Maduhu, peke yake na mashine, mchana wote. Ndipo neno likaanza. Kila mtu alisikia kengele ikilia. Kila mtu alisikia ikinyamaza. Lundo lilikuwa linawaka. Kwa hiyo kengele ilizimwa, na kengele haijizimi. Walisema ilimchosha masikio. Walisema alitaka kusinzia. Walisema ana kinyongo na Bosi kwa kupunguzwa kazi. Bosi alisikiliza tu, na uso wake ukapata nafuu. Polisi walimchukua Mzee Maduhu, wakamhoji, wakamrudisha. Watu wa mtaani hawakumrudisha.

Msibani alikwenda na mbuzi. Kwetu mnaelewa: jirani akileta mnyama, anachinjwa, na jirani anakula pamoja na wafiwa, na hapo kila mtu anajua hakuna jambo kati yao. Mke wa Ng'wandu, Mama Minza, alitoka ndani akiwa amejifunga kanga kiunoni, hakulia. Alimwuliza mbele ya watu wote.

"Uliizima?"

"Sikuizima, mayu. Sikuizima, mama."

"Basi nani?"

Mzee Maduhu hakuwa na mtu wa kumtaja. Mama Minza akaiokota kamba ya mbuzi na kumrudishia mkononi, taratibu, kama unavyomrudishia mtu kitu alichosahau. Nilimsindikiza nyumbani. Mbuzi alikataa kutembea, nikambeba, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na utani wowote.

"Mzee," nilimwambia njiani, "kweli hukuigusa?"

Alisimama. Alifungua kifungo cha shingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Hata wewe," alisema. Kisha akaendelea kutembea.

Nilikuwa na haki ya kuuliza, maana sikuwepo chumbani. Lakini swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa sato. Bosi alikuwa amefunga ofisi mpaka bima na polisi wamalize mambo yao. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwangu kwa sababu ya ule mchezo wa nyoka, na siku moja baada ya shule niliingia nikawasha mashine kwa zile betri za lori za akiba, maana umeme ulikuwa umekatwa tangu moto. Nilijiambia nakwenda kuchukua mchezo wangu.

Mkalimani ana njia ya kupewa namba kwa mkono badala ya kusoma waya; ipo kwenye kitabu, ukurasa wenye doa la chai. Nikampa namba za joto dogo. Kimya. Nikapandisha. Nilipofika kiwango kilichowekwa, kengele ndogo ya mezani, iliyolia pamoja na ile ya ghala, ikalia. Nikaendelea kupandisha, ikaendelea kulia, na nikaanza kujisikia vibaya, kwa sababu maana yake ni kwamba mkono wa mtu ndio ulioizima. Nikaongeza moja tena.

Ikanyamaza.

Nikatazama kioo. Joto la ghala la pamba la Bariadi lilikuwa nyuzi sitini na nne chini ya sifuri. Hata friji la duka la soda halijafika huko.

Sikilizeni vizuri, ndio urithi wenyewe. Kisanduku ambamo waya hupitia kabla ya kufika kwenye kompyuta hutuma joto kama namba ndogo, ya kipande kimoja, ikihesabu kwa nusu nyuzi. Kwenye mashine ya zamani, namba ya kipande kimoja huanzia sifuri na kupanda mpaka mwisho. Kwenye hii mpya, kompaila ikiona namba ndogo kama hiyo hudhani ina upande wa hasi: ikipanda hadi katikati, hatua inayofuata inaangukia chini kabisa. Hakuna mashine iliyokosea. Kila moja ina desturi yake, na maandishi ya mkalimani hayakusema anataka ipi, kwa kuwa kule yalikotoka halikuwa swali. Mpaka joto la chai yetu mbovu, hesabu ni sawa. Lundo likipita hapo na kuanza kuiva kwelikweli, katekista anasimama mbele ya waumini na kutafsiri "moto" kuwa "barafu". Na kengele inatii.

Dawa yake ni neno moja mbele ya ile namba, unsigned, linaloiambia kompaila kwamba namba hii haina upande wa hasi. Neno moja. Nililiandika, nikajaribu, kengele ikalia mpaka mwisho wa namba. Kisha nikalifuta tena, nikarudisha ubovu kama ulivyokuwa, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumwonesha.

Mama Minza alikuwa uani akitwanga. Nilimsalimia, "Mwadila, mayu," akaitikia bila kusimamisha mchi. Nilimwambia nataka aje jineri na sufuria ya maji na moto wake mwenyewe, maana wangu asingeuamini. Akausimamisha mchi. Nilikuwa na sifa mtaani, na haikuwa nzuri.

"Ni utani?"

"Hapana, mayu."

"Kama ni utani nitakupiga na huu mchi."

"Nipige."

Alikuja na jiko la mkaa kichwani, sufuria mkononi, na shemeji zake wawili nyuma. Mzee Maduhu nilimwita pia. Alisimama mbali, karibu na ukuta uliobaki wa ghala. Nilichomoa waya moja iliyopona, nikaivuta mpaka uani, nikampa Mama Minza ncha yake aishike mwenyewe.

"Itie ndani. Usinisikilize mimi. Sikiliza kengele."

Maji yalikuwa baridi, kimya. Yakaanza kutoa mvuke, na kengele ya mezani ikalia. Shemeji mmoja akasema kwa ukali, "Tunajua inalia! Tatizo ni aliyeizima."

"Ngoja," nikasema.

Mkaa uliwaka. Chini ya sufuria vikaanza vile vitone vidogo. Nilikuwa nimekaa chini mikono yangu ikiwa kichwani, kusudi wote waione. Mzee Maduhu alikuwa kule ukutani. Ofisini hapakuwa na mtu, mlango wazi, mashine inaonekana.

Kengele ikanyamaza.

Maji yalikuwa yanachemka, yanarukaruka, na hapakuwa na sauti nyingine pale uani. Mama Minza alitazama maji. Akatazama mlango wa ofisi. Akaitoa ncha ya waya ipoe. Baada ya muda kengele ikalia, kisha ikaacha ilipopoa sawasawa. Akairudisha, ikalia kidogo, ikanyamaza. Alirudia tena na tena, na hakuna aliyemzuia. Shemeji zake walikuwa wametazama chini.

Mwishowe aliiweka ile waya chini, akageuka kule ukutani.

"Mwadila, Maduhu," alisema. "Nyumbani kuna ugali. Njoo ule."

Mzee Maduhu alikuja, lakini hakwenda kwanza kula. Alichuchumaa mbele ya sufuria, akaitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimekaa nikisubiri afurahi.

"Afadhali ingekuwa mimi," alisema.

"Mzee?"

"Ningekuwa mimi wangenifunga, yakaisha. Mtu mmoja, jela moja." Akanigeukia. "Yule Bosi alichukua nakala ya mkalimani kwenye disketi. Alipeleka wapi?"

Nilijua alikopeleka. Mimi ndiye niliyebandika jina kwenye disketi: Mwanhuzi. Bosi ana ghala lingine huko Meatu, mashine ya aina ileile, na msimu ulikuwa haujaisha.

Ugali tuliula tumesimama. Mama Minza alitupakulia, akamtazama Mzee Maduhu akitafuna tonge la kwanza mpaka akameza, kisha akamwaga maji ya sufuria, akaifunga kwa kanga na kuibeba. Tulimwambia basi litajaa, barabara mbaya, tungeweza kuazima sufuria huko.

"Huko watawapa chai," alisema.

Ndiyo, alikuwa ameuliza kila kitu wakati tunakula, mpaka lile jaribio letu la chai ya uvuguvugu, na alikuwa ameelewa kuliko kitabu.

Mwanhuzi tulikuta ghala limejaa, kengele kimya, na vibarua wamelala juu ya lundo kwa sababu, walituambia, kengele yao ilisumbua jana ikanyamaza yenyewe, mashine nzuri sana. Mzee Maduhu hakupiga kelele. Aliwaamsha mmoja mmoja kwa kuwagusa bega, akisema "nje, ng'wana wane, nje, mwanangu," mpaka wa mwisho. Sisi tukaandika lile neno moja, tukawasha mkalimani, na kengele ikaanza kulia na haikunyamaza. Lundo lile liliungua nalo usiku huo. Liliungua peke yake.

Hayo ndiyo ya kazini. Mzee Maduhu hakurudi jineri. Anafuga huko Meatu sasa, na akija mjini hunisalimia kwa mkono, lakini hazungumzii mashine. Bosi alijenga ghala jipya. Maji kwenye pamba yanaendelea.

Shija, Kabula, wiki ijayo inakuja mashine nyingine, ya nne, Unix ya aina nyingine tena, na mtaambiwa mnahamisha tu. Itakuwa na desturi zake, zitafuteni. Muangalie majina, muangalie kushtuliwa, muangalie dume na ndama. Mkimaliza na kila kitu kikaonekana sawa, msijipigie makofi. Nendeni mkabishe hodi kwa Mama Minza. Hamhitaji kueleza, atachukua jiko na sufuria. Atakaa uani, atatia waya mwenyewe, na hatawajibu mkimsemesha, hata kwa utani, na wewe Shija usijaribu. Kengele itaanza kulia. Maji yatachemka. Yeye ataendelea kuchochea mkaa muda mrefu baada ya ninyi kuchoka, mpaka maji yote yakauke sufuriani.

Akisema "bado inalia," mmepita.